Flasha ya zamani inasoma kina pungufu kwenye barafu: betri, mota au maji baridi?

#1 KeekeeMN (Minnesota)
Wakuu, habari. Nina flasha, yaani kipima kina cha sauti, aina ya Lowrance Fish Lo-K-Tor, lile boksi la kijani lenye taa ya neoni inayozunguka nyuma ya uso, kipimo futi 0 hadi 100. Naitumia kwenye barafu ya ziwa Mille Lacs. Hali ni hii:

Barafu ina unene wa inchi 18. Transdusa (kichwa kinachorusha sauti na kupokea mwangwi) inaning'inia tunduni, uso wake uko futi 2 chini ya uso wa barafu. Bildi (kamba ya kupimia kina) ya mshipi usiovutika na chubwi la wakia 4 inatoa futi 32 kutoka juu ya barafu. Ukiondoa zile 2, transdusa inatakiwa ione 30. Diski inawaka kwenye 27.

Umeme ni betri mbili za tochi kubwa za volti 6, zimeungwa mfululizo kupata 12. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Sitafuti ushauri wa kununua ya kioo cha rangi. Nataka kujua futi 3 zimekwenda wapi.

#2 Sangara_Igoma (Mwanza)
Siti ya mbele kabisa. Huku kwetu barafu iko kwenye jokofu la soda, lakini uzi huu siuachi.

#3 FundiNeoni (Ontario)
Mota inazunguka polepole, mkuu. Flasha haina saa nyingine ndani yake zaidi ya lile diski. Sumaku ndogo kwenye diski inapita mbele ya koili kwenye sifuri, mpigo unarushwa, halafu neoni inaendelea kuzunguka. Mwangwi ukirudi, neoni inawaka palepale ilipofika. Kwa hiyo kina unachosoma ni pembe tu ambayo diski limesafiri wakati sauti iko majini.

Hesabu: sauti kwenda na kurudi futi 100 ni futi 200. Ukichukua futi 4,800 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 0.0417, yaani mizunguko 24 kwa sekunde, au 1,440 kwa dakika. Diski likichoka hadi 21.6, mwangwi wa futi 30 unakuta neoni imefika 27 tu. Ndiyo hizo futi zako 3.

Pima volti za betri mashine ikiwa inafanya kazi, palepale tunduni. Usipime betri ikiwa imekaa bure jikoni.

#4 Maji4 (Jyväskylä, Finland)
Hesabu ya #3 ni sahihi lakini imesahau maji. Futi 4,800 kwa sekunde (mita 1,463) ni sauti kwenye maji ya nyuzi 14 hivi. Chini ya barafu maji yana sifuri karibu na juu na nyuzi 4 au chini kidogo karibu na sakafu, sauti inakwenda kati ya mita 1,402 na 1,421. Chukua 1,410. Sauti ikichelewa, neoni inasafiri mbali zaidi kabla ya kuwaka, kwa hiyo flasha nzima kabisa inatakiwa izidishe kina kwa karibu asilimia 3.8.

Yaani kwenye futi 30 za kweli ilitakiwa ionyeshe 31. Yako inaonyesha 27. Mkuu KeekeeMN, hujapoteza futi 3, umepoteza 4. Mota iko kwenye 20.8, si 21.6.

#5 KeekeeMN
Asanteni. Volti: bila mzigo 12.1. Mashine ikiwa imewashwa tunduni kwa dakika 20, inashuka hadi 9.6.

#6 FundiNeoni
Kesi imeisha. Betri za zinki na kaboni kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hazina maisha. Ukinzani wa ndani unapanda, volti inaanguka ukivuta mkondo. Boksi lile lilitengenezwa wakati betri hizo zinauzwa kila duka la uvuvi, na wengi walilitumia kwenye mtumbwi majira ya joto.

Weka betri ya risasi iliyofungwa, volti 12, saa-ampea 7. Kwenye baridi hiyo nayo itakupa nusu ya ujazo wake au zaidi kidogo, lakini volti inasimama. Weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya mwekundu, karibu na betri.

#7 Mzee wa Bildi (Lamu)
Haijaisha. Nyinyi vijana mnaiamini bildi kwa sababu ni kamba. Mille Lacs ina matope laini katikati ya ziwa, kwenye zile nyanda za matope ambazo wavuvi wake wanazijua vizuri. Chubwi la wakia 4, jembamba, likishuka kwa kasi linazama kwenye tope inchi 8, hata futi nzima. Transdusa ya masafa makubwa (mitetemo mingi kwa sekunde) inapata mwangwi wake kwenye ngozi ya tope. Kwa hiyo si ajabu bildi iseme 32 na sakafu inayoonekana kwa sauti iwe 31.

Funga sahani bapa chini ya chubwi, kifuniko cha kopo la rangi kinatosha, kitoboe katikati. Shusha taratibu. Kisha tuzungumze.

#8 Sangara_Igoma
Mzee katoa kifuniko cha kopo kumaliza ubishi wa transista. Shikamoo.

#9 Mzee wa Bildi
Marahaba. Bildi haina kapasita za kukauka.

#10 DadaKoili (Winnipeg)
Kabla ya kubishana, tenganisheni makosa ya aina mbili. Kuna kosa la kudumu: futi zilezile kila kina, kwa sababu sifuri imehama (koili ya kuanzisha mpigo au uso wenye namba umegeuka kidogo), au kwa sababu umesahau kuhesabu transdusa ilipo. Na kuna kosa la uwiano: linakua kadiri kina kinavyokua, na hilo ni kasi ya mota au kasi ya sauti.

Dawa ni kupima sehemu mbili. Tafuta mahali penye mchanga mgumu, transdusa ikiwa na futi 15 chini yake. Kama kosa ni la kudumu utasoma 12. Kama ni la uwiano utasoma 13 na nusu. Utaujua mchanga kwenye diski: alama pana, nene, na mwangwi wa pili kwenye kina maradufu. Tope linatoa alama nyembamba na la pili halionekani kabisa, au linaonekana kwa shida.

#11 KeekeeMN
Dada, nimepima kwenye mchanga: transdusa futi 15 kamili, diski katikati ya 13 na 14. Mwangwi wa pili upo.

#12 DadaKoili
Basi ni la uwiano kwa sehemu kubwa. Sifuri iko salama, usifungue zile skrubu za koili.

#13 FundiNeoni
Sasa pima mota bila kwenda ziwani. Kata karatasi nyeupe ya duara, chora mistari mitano minene kwa umbali sawa, ibandike kwenye diski kwa gundi hafifu. Zima taa zote isipokuwa moja inayopepesa kwa umeme wa nyumbani. Taa ndogo ya neoni kwenye swichi ya waya wa kurefusha umeme ndiyo bora. Taa ya tyubu ya zamani yenye balasti nzito inafaa. LED nyingi hazifai, hazizimi vya kutosha kati ya mapigo.

Umeme wa Amerika Kaskazini ni hezi 60, taa inawaka mara 120 kwa sekunde. 24 mara 5 ni 120. Diski likiwa kwenye 24, mistari inasimama tuli. Ikirudi nyuma, mota ni ya polepole. Ikienda mbele, imezidi. Kwa Super Sixty ya Humminbird, ambayo kipimo chake ni futi 60, mzunguko ni 40 kwa sekunde, kwa hiyo chora mistari mitatu.

Angalizo: ukiwa umefungua boksi, ile sehemu ya neoni ina volti nyingi. Neoni haiwaki chini ya volti 60 hadi 90, na mpigo wa transdusa unapita hapo. Mkono mmoja mfukoni.

#14 Maji4
Walioko Ulaya na Afrika Mashariki msinakili #13 hivihivi. Huku ni hezi 50, mapigo 100. Kwa diski la 24, mistari mitano haitasimama hata kidogo. Ukichora minne, itasimama kwenye 25, na kwenye 24 itaonekana ikirudi nyuma mzunguko mmoja mzima kila sekunde. Inapimika kwa jicho na saa ya mkononi. Anayetaka ya kusimama kabisa achore mistari 25, na iwe myembamba.

Kwa Super Sixty kwenye hezi 50, chora mitano.

#15 Kisiki_Mweusi (Nairobi)
Swali la mchokozi: nani aliwaambia kiwanda kilitumia 4,800? Vitabu vingine vya vipima kina vinatumia mita 1,500 kwa sekunde, ambayo ni futi 4,921. Hapo diski linatakiwa 24.6, na mistari yenu mitano "tuli" inamaanisha mashine tayari iko nyuma kwa asilimia 2.5.

#16 FundiNeoni
Mita 1,500 ni mazoea ya baharini, maji ya chumvi. Hivi ni vifaa vya maziwa ya Marekani ya kati. 4,800 inakaa kwenye maji ya kawaida ya ziwa, yasiyo na chumvi, ya msimu wa uvuvi.

#17 Kisiki_Mweusi
Hiyo ni hoja ya busara, si ushahidi. Kifaa kilichouzwa kwa mtu wa bwawa la Missouri na mtu wa pwani kina diski moja.

#18 Maji4
Kwa matumizi ya barafu haijalishi sana. Hata ukisema 4,921, kosa la maji baridi linakua hadi asilimia 6, na mashine ya #1 inakuwa mbovu zaidi, haipati nafuu.

#19 Mtumbwi_Pacha (Kigoma)
Nauliza tu: hawa Lowrance si ndio waliovumbua kitafuta samaki?

#20 Kisiki_Mweusi
Hapana. Ndugu wa Furuno kule Nagasaki walikuwa na kitafuta samaki cha kibiashara mwaka 1948. Carl Lowrance na wanawe walileta cha transista kwa mvuvi wa kujifurahisha mwishoni mwa miaka ya 1950, na boksi la kijani lilitoka 1959. Sifa yao ni udogo na bei, si uvumbuzi wa kwanza.

#21 Sangara_Igoma
Kumbe boksi la mkuu KeekeeMN lina umri wa babu. Mwache apumzike futi 3.

#22 DadaKoili
Turudi kwenye mota. Betri peke yake haielezi kila kitu. Mota za kizazi hiki nyingi zina spidi gavana, kama matatu: viungo vidogo vinavyofunguka kwa nguvu ya mzunguko kasi ikizidi, na kufunga ikipungua. Gavana ikiwa nzima, volti ikishuka kidogo kasi haibadiliki. Ikiwa kasi inafuata volti kama kivuli, basi ama volti imeshuka chini ya kiwango cha gavana, ama viungo vimeota kutu na havipitishi mkondo wa kutosha.

Kusafisha: ukanda wa karatasi ngumu ya kadi uliolowekwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, upitishe kati ya viungo, vuta, rudia mpaka karatasi itoke safi. Msitumie msasa. Unakwangua tabaka la juu na baada ya muda viungo vinaungua upya, safari hii haraka.

Halafu brashi za kaboni za mota na zile pete zinazopeleka umeme kwenye neoni inayozunguka. Pete chafu haipunguzi kina, inapunguza mwanga: alama inakatikakatika, mara ipo mara haipo. Watu wengi wanatupa transdusa nzima kwa sababu ya pete chafu.

#23 Chombezo (Toronto)
Na grisi. Grisi ya miaka ya 1960 kwenye bushi za mota inageuka nta. Ndani ya nyumba diski linaruka vizuri, nje kwenye baridi linaburuta. Safisha bushi kwa spiriti, kausha, weka tone MOJA la mafuta membamba ya sintetiki ya saa kila upande. Mafuta ya cherehani yanafaa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri hivi, chini ya hapo yananata. Mafuta yakifika kwenye kaboni umeharibu kazi ya DadaKoili.

#24 FundiNeoni
Grisi ni kisingizio cha kila kitu kwenye majukwaa. Mota yenye gavana na volti 12 kamili ina nguvu ya akiba kuishinda grisi.

#25 Chombezo
Mota ya boksi la kubeba lenye betri kavu? Waliibana kila miliampea. Akiba hiyo iko wapi?

#26 Nyavu_za_Kale (Edmonton)
Mmesahau njia ya pili ya kupoteza kina, ingawa si ya #1. Wapo wanaoweka transdusa juu ya barafu bila kutoboa, ili kujua kama chini pana kina kabla ya kuhangaika na keekee. Unafagia theluji, unamwaga maji kikombe kimoja, unakandamiza transdusa ibaki wima bila kiputo chini yake. Inafanya kazi kwenye barafu nyeusi, ngumu, isiyo na hewa. Barafu nyeupe ya theluji ina viputo na inameza mpigo wote.

Sauti kwenye barafu inakwenda kama mita 3,800 kwa sekunde. Futi 2 za barafu zinaonekana kwenye diski kama inchi 9 tu. Kwa hiyo jumla inapungua futi 1 na robo. Samaki mmoja mmoja hutawaona vizuri hivyo, hiyo ni ya kupima kina tu.

#27 Mama_Perchi (Duluth)
Kwenye tundu, uso wa transdusa uteremke uvuke ukingo wa chini wa barafu, inchi 2 au 3 zaidi. Ukiubakiza ndani ya tundu, kuta zinarudisha mwangwi na futi 3 au 4 za mwanzo zinajaa mwanga. Na iwe wima kabisa. Hizi transdusa za zamani zilitengenezwa kufungwa kwenye mashua, hazina boya la kujisawazisha kama za Vexilar, flasha mpya zaidi za barafu. Nyingi zikining'inizwa kwa waya wake zinalala upande, kwa sababu waya unatokea pembeni. Funga kamba tatu fupi kwenye bamba la plastiki, transdusa katikati, boya la povu juu.

Kabla ya kushusha, paka uso wake sabuni ya vyombo na usuuze. Uso wenye mafuta unashika viputo, na viputo ni ukuta.

#28 Mzee wa Bildi
Transdusa iliyolala upande si inasoma kina kirefu?

#29 Mama_Perchi
Ikilala sana, ndiyo. Ikilala kidogo, pindo la koni ya sauti bado linafika chini wima, namba haibadiliki ila alama inachakaa na kutanuka. Kinachopunguza kina ni mteremko. Koni ya nyuzi 20 kwenye futi 30 ina upana wa zaidi ya futi 10 chini. Upande wa juu wa mteremko unarudisha mwangwi kwanza. Lakini hata mteremko mkali wa futi 1 kwa kila 4 unakuibia inchi 9 au 10, si futi 3. Madhara yake makubwa ni mengine: samaki aliyelala kwenye mteremko anamezwa na alama ya sakafu, humwoni.

#30 Mtumbwi_Pacha
Chambo kinaonekanaje kwenye neoni isiyo na rangi?

#31 Mama_Perchi
Kama mstari mwembamba unaopanda na kushuka ukichezesha mshipi. Punguza usikivu mpaka chambo kibaki kinaonekana kwa shida, sakafu ibaki nene. Samaki akiingia pembeni mwa koni unaona mstari hafifu, akisogea katikati unanenepa na kuwaka imara. Vexilar FL-8 inakuambia hayo kwa rangi, kijani dhaifu, chungwa wastani, nyekundu nguvu. Neoni inakuambia kwa upana na ung'avu tu, jicho linazoea.

Perchi wawili waliopishana inchi 4 utawaona mmoja. Urefu wa mpigo ndio unaamua: mpigo wa sekunde 0.0002 mara 4,800 gawa kwa 2 ni karibu inchi 6. Chini ya hapo diski haliwezi kuwatenganisha.

#32 Kisiki_Mweusi
Na ndani ya hema jeusi la barafu mjue neoni za zamani zinachelewa kuwaka. Neoni inahitaji chembe chache za mwanga kuanzisha mkondo. Giza totoro linaipandishia volti ya kuanzia, mwangwi dhaifu unapotea. Washa taa ndogo karibu na uso wa mashine.

#33 DadaKoili
Hilo ni kweli kwa neoni iliyokaa gizani imezimwa. Hii inawaka kwenye sifuri mara 24 kila sekunde, gesi haipati muda wa kupoa. Ukiona tofauti ndani ya hema ni macho yako.

#34 Kisiki_Mweusi
Neoni iliyozeeka, kioo kimeshaota weusi? Sikubali moja kwa moja.

#35 DadaKoili
Hiyo badilisha. Na ukibadilisha, neoni mpya iwe na uzito uleule, vinginevyo diski linayumba na bushi zinaliwa.

#36 Sangara_Igoma
Boksi kama hili lingefaa huku Ziwa Victoria?

#37 Maji4
Kwa kina, ndiyo. Ziwa Victoria halizidi mita 80 na kitu. Lakini futi 100 ni mita 30 tu: ukiwa kwenye futi 130, mwangwi unarudi diski likiwa kwenye mzunguko wa pili na unasoma 30. Ambaye hajui anaweza kushangaa. Maji ya nyuzi 25 yanapeleka sauti mita 1,497, kwa hiyo huko flasha inapunguza kwa asilimia 2 hivi, kinyume cha barafu. Ziwa Tanganyika la ndugu wa Kigoma, lenye mita 1,470, sahau.

#38 Mtumbwi_Pacha
Tumesahau tayari. Huku taa ya karabai inaita dagaa wenyewe.

#39 Nyavu_za_Kale
Kitu kingine kwa mnaovua kundi: flasha mbili za zamani zenye masafa yanayokaribiana kwenye matundu jirani zinasikilizana. Kwa kuwa diski zenu hazizunguki sawasawa kabisa, alama za jirani zinatembea kuzunguka uso wako kama mwendawazimu. Hizi hazina kitufe cha kuzuia mwingiliano. Punguza usikivu wote wawili, au sogezeni matundu.

#40 KeekeeMN
Mrejesho, wakuu. Nimeweka betri ya risasi saa-ampea 7, volti 12.5 ikiwa kazini. Viungo vya gavana nimesafisha kwa karatasi na spiriti. Sijagusa grisi. Nyumbani kwa mistari mitano, inarudi nyuma taratibu, nusu mzunguko kwa sekunde. Ziwani, sehemu ileile ya mwanzo, transdusa futi 30: sasa diski linawaka 29.

#41 FundiNeoni
Nusu mzunguko kwa sekunde ni mistari 2.5, yaani 117.5 gawa kwa 5: mota iko kwenye 23.5. Betri imerudisha karibu yote. Nilisema.

#42 Chombezo
Hesabu imalizie, mkuu. Mota ya 23.5 kwenye maji baridi ingesoma 30 na nusu kwenye futi 30. Yeye anasoma 29. Kwa hiyo ziwani mota iko kwenye 22.4. Nyumbani 23.5, nje 22.4, betri haijabadilika. Grisi.

#43 Mzee wa Bildi
Au chubwi limezama futi moja kwenye tope, kina cha kweli ni 29, na mota yenu iko 23.1, karibu sawa na nyumbani. Kifuniko cha kopo hakijafungwa bado, nimeona.

#44 FundiNeoni
Mzee ana hoja. Ila kapasita nazo hazijaguswa. Za elektroliti za umri huo zimekauka, na kwenye baridi zinapungua zaidi. Ya kuchuja umeme wa mota ikichoka, mpigo wa transdusa unaivuta mota kila mzunguko. Badilisha kwa maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na uangalie upande chanya. Baadhi ya bodi za mwanzo zenye transista za jerimani (germanium) zimeunganisha chanya kwenye chasi, kinyume na mazoea ya leo. Ukigeuza, transista zinakufa papo hapo na mbadala wake ni wa kutafuta kwa tochi.

#45 DadaKoili
Asibadilishe vitu vitatu kwa mpigo, hatutajua kipi kilifanya kazi. KeekeeMN, rudi kwenye mchanga wa futi 15, ambako chubwi halizami. Kama Chombezo yuko sawa utasoma 14 na nusu. Kama Mzee yuko sawa utasoma 15.

#46 Kisiki_Mweusi
Nusu futi kwenye uso wa futi 100? Kwa diski la kipenyo cha inchi 5 hiyo ni milimita 2, na alama yenyewe ni nene kuliko hapo.

#47 DadaKoili
Asome ukingo wa mwanzo wa alama, si katikati, na usikivu uwe chini kabisa sakafu ikiwa bado inaonekana. Abandike karatasi yenye mistari ya penseli kila nusu futi pembeni mwa uso. Asome sehemu zote mbili kwa usikivu uleule, kwa sababu ukiupandisha ukingo wa mwanzo unasogea.

#48 Mzee wa Bildi
Au afunge kifuniko.

#49 Chombezo
Au apashe boksi joto mfukoni mwa koti nusu saa, asome, aliweke kwenye theluji nusu saa, asome tena tundu lilelile. Tope halijui boksi lina joto gani. Namba ikishuka, ni mota.

#50 KeekeeMN
Boksi haliingii mfukoni, mkuu, lina ukubwa wa betri mbili za volti 6. Nitaliweka ndani ya gari. Keekee nimeshaichaji, kifuniko ninacho, cha galoni. Nitoboe matundu mangapi ili lisielee likishuka?

#51 Mzee wa Bildi
Manne ya ukubwa wa kidole, na moja la katikati la kamba. Lishuke limelala, lisikate maji upande.